Karibu Sawa

Mama Mbeleje Chilongani ameshuka na gari la asubuhi kutoka Hombolo,
vumbi la njia limo bado kwenye nyusi,
na taji la jino kaliviringisha ndani ya risiti ya Luku.
"Limeng'oka kwa bisi," anasema.
Si mfupa, si muwa. Bisi.
Hiyo ndiyo aibu yake.

Namfungua kinywa chini ya taa.
Kipandikizi kiko palepale, hakitikisiki,
kimesimama tayani kama nguzo ya shamba la zabibu
iliyofiwa na mzabibu wake.

"Kadi?" namuuliza. Ile yenye jina la kampuni, upana, urefu, namba ya toleo.
Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
Kadi ilikuwa kabatini, kabati lilikuwa nyumbani,
nyumba ilikuwa kwenye kiwanja kilichopitiwa na barabara mpya.
Na daktari alihama. Bango lake pale Makole
siku hizi linatangaza vifaranga.

Basi navuta droo.
Viunganishi vyangu vimelala visandukuni, kila kimoja na kabila lake:
huyu pembe sita kwa ndani, yule pembe sita kwa nje,
huyu koni, yule mifereji mitatu.
Kwa macho matupu ni ndugu wa tumbo moja.
Chini ya lenzi hawasalimiani.

Cha kwanza kinakataliwa mlangoni.
Cha pili kinaingia, kinazungukazunguka kama mgeni asiyepewa kigoda.
Cha tatu
kinakaa.
Mama Mbeleje anahisi mkono wangu umetulia, anainua dole gumba.

Msaidizi wangu Nyemo ana haraka zake:
"Kimeoana, dokta. Tukaze."

Nyemo, kuingia si kuoana.
Baba yangu alikuwa fundi baiskeli nyuma ya soko la Majengo.
Nilimwona akiilazimisha nati ya kuazima
kwenye ekseli ya katekista Mahinyila.
Ilipanda nyuzi mbili, ikakaza. Baba akafuta mikono, akapokea hela.
Jumapili, kwenye mteremko, gurudumu lilitangulia kanisani peke yake.
Mtaa ulicheka mwaka mzima.
Baba hakucheka. Nati ile aliifunga kwa waya, akaitundika
juu ya mlango wa kibanda, chini kidogo ya urefu wake,
ili kila akiingia ainame.

Napiga picha.
Kati ya chuma na chuma kuna mstari mweusi,
mwembamba kuliko unywele wa kichanga.
Humo mate yatapenya, na nyuma ya mate wale wasioonekana
watahamia bila mkataba.
Humo skrubu itacheza kila atafunapo, kidogo, kidogo,
mpaka usiku mmoja ikatikie ndani,
nami niite kipande chake gizani kwa ncha ya sindano.

"Lakini ni karibu sawa," anasema Nyemo.
Ndiyo. Na nati ya baba ilikuwa karibu sawa.

Namweleza mama. Anasikiliza, anasukutua, anatema.
"Mfupa wangu ulikipokea hiki chuma bila kuuliza ukoo," anasema.
"Wanaouliza ni ninyi."

Sina jibu.
Ni kweli, kila kiwanda kinachonga pembe yake
ili mteja asihame boma,
na mtu wa Hombolo anabeba mdomoni
kufuli ambalo ufunguo wake uko ng'ambo, kwenye lugha asiyoisoma.

Napima tena. Natuma picha Dar, natuma Nairobi, kwa wauza vifaa.
Wiki tatu, labda tano.
Naziba tundu kwa utepe mweupe, kama wa mafundi bomba,
na saruji laini ya muda.

"Nitakula mlenda," anasema akifunga kilemba. "Mlenda hauna pembe."
Kisha, mlangoni:
"Hiyo kadi mpya, uniandikie mbili. Moja nitaishona kwenye gauni la kanisani."

Cha tatu nakirudisha kwenye mvuke, halafu kwenye kisanduku chake.
Hakina kosa lolote.
Kina taya lake, mahali.