Kilo Kumi na Tano

Nilimwandikia mapema: kilo kumi na tano, basi.
Farasi wetu ni mmoja, na goti lake si zima.
Bi Halvorsen akaja na thelathini na mbili.

Sasa tumekaa jikoni, mimi na yeye,
jiko la bati linanguruma kwa samadi ya yaki,
na mabegi yake yamelala wazi sakafuni
kama mbuzi waliochunwa.

Nagawa marundo: hili linapanda, hili linabaki.
Mashine ya kukaushia nywele inabaki;
umeme wetu ni wa saa tatu, nao una haya.
Viatu vya jioni vinabaki.
Manukato yanabaki, mama,
mnyama atakunusa tangu bonde la pili
na wewe utapiga picha za mawe.
Kitabu cha ndege, kinene kama tofali,
amekikumbatia, ananitazama.
Haya. Kipande.

“Soksi ngapi?”
“Zote.”
“Na betri?”
“Lala nazo kwapani, kama mayai.
Baridi ya kule hula betri kwanza, kisha vidole.”
Akacheka.
Phuntsog, bila kuinua kichwa,
akainua mkono wa kushoto.
Vitatu na nusu.
Bi Halvorsen akazihesabu betri zake upya, kimya.

Mume wangu anafuta darubini.
Anaipulizia, anaifuta, anaitazama taa kupitia kwayo,
kisha anaifunga katika blanketi la kijivu,
lile ambalo watoto hawaruhusiwi kulilalia.
“Laini kweli,” mgeni anasema, akiligusa. “Mlifuma wenyewe?”
Tulifuma wenyewe.

Sikumwambia yaliyobaki, nayaandika hapa:
Februari moja, mwaka aliozaliwa Nilza,
shan, huyo mnamwita chui wa theluji,
alishukia tundu la paa la zizi.
Mbuzi kumi na wanne. Alikula mmoja,
na nusu ya mmoja.
Asubuhi tulimkuta amelala katikati yao,
ameshiba hadi amelewa, mkia umemfunika pua.
Majirani walikuja na mawe.
Phuntsog aliingia peke yake, akafunga mlango nyuma yake,
akakaa humo muda wa kuchemsha chai.
Alipotoka, jiwe lilikuwa bado mkononi,
na mlango ameuacha wazi.
Sijamuuliza. Mama mkwe alimuuliza hadi alipokufa.
Siku tatu tuliwachana maiti kwa chanuo,
manyoya ya shingo, ya tumbo, yaliyo safi tu.
Blanketi moja. Hayakutosha mawili.

“Nanyi mnabeba nini?” mgeni anauliza.
Unga wa shayiri, siagi, chai ya chumvi kwenye chupa,
aprikoti za shangazi zenye kokwa ndani,
kamba, mafuta ya taa, sufuria mbili, kuni hakuna.
Hema lako. Godoro lako. Kiti chako cha kukunja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: kweli kabisa,
ila mgongo anautoa mwenyeji.

Tunapima kwa mizani ya ndoano, ile ya sufu.
Kumi na tano na robo tatu.
Anachungulia ndani ya begi, anachungulia usoni mwangu,
anatoa kitabu cha ndege.
Anakirudisha.
Anatoa soksi.
Nazirudisha mimi, na pakiti ya aprikoti
naihamishia mfukoni mwangu, ingawa haikuwa ndani ya begi lake;
hesabu yangu huwa hivyo usiku.

“Tutamwona?”
“Hana kalenda yako,” nasema.
Phuntsog anasema, “Labda siku ya nne,”
kama mtu anayemjua jamaa huyo hukaa wapi.

Wakishalala natoka.
Juu ya zizi kuna wavu wa chuma sasa,
tuliununua kwa fedha za mgeni wa kwanza, mtu wa Osaka
aliyekaa siku kumi na mbili asione hata unyayo,
akashukuru.
Mbuzi wanakohoa gizani. Nawahesabu kwa vikohozi.
Alfajiri tutapanda kumtafuta;
usiku huu, tafadhali, asitutafute yeye.
Komeo limeganda.
Nalipulizia pumzi, nalipulizia tena,
hadi lije.