Mgeni Asiyekula Mizizi

Aliniuliza kwa Kiswahili cha zamani,
kile alichoachiwa na mama yake kama seti ya vikombe:
"Mwanangu, hapa Mikindani watu huvua viatu wapi?"
Nikamwambia, msikitini. Na kwangu, mlangoni.
Kwingine kokote, Bi Kanchan, ni mawe na vigae vya chupa,
utajikata bure.

Akacheka. Mwezi uliopita, alisema, alikuwa Rajgir,
mji uliochoka kuhesabu miaka yake,
vilima vitano vimeuzunguka kama mafiga yaliyozidi idadi,
maji yanatoka ardhini yamekwisha kuchemka.
Mbudha ana kilima chake, Mjaini chake,
wanakutana chini kwa muuza ndizi.
Alipanda ngazi tangu alfajiri, pekupeku, na miaka yake sabini na mmoja,
goti moja la kwake, jingine la daktari.
Na kule juu, pale alipopaswa kuomba,
kilichomjia ni Mikindani,
mji asioujua,
aliousikia tu jikoni kwao Jamnagar.

Basi tukatembea,
mimi na funguo zangu za ofisi ya mambo ya kale,
yeye na fimbo, macho chini kila hatua.
Nikadhani anaogopa nyoka.
Kumbe ni sisimizi.
Akiwakuta wamekata njia husimama, hungoja msafara upite,
kama sisi tunavyosimama jeneza likipita.

Akanionyesha roshani iliyobakiwa na mbao tatu:
"Hapa. Duka la Hirji."
Babu wa babu yake. Mtu aliyefunika taa kwa kitambaa
nondo wasije wakaungua.
Hakutia kitu kinywani baada ya magharibi
asije akameza uhai gizani.
Nikampenda huyo mzee.
Kwa dakika kumi hivi, nilimpenda kweli.

Kisha tukafika soko la zamani,
siku hizi kuna duka la vinyago na bango la soda.
Akatoa mkobani ukurasa mmoja wa daftari, umekula mchwa pembeni,
akasoma Kigujarati, akinifasiria, kidole kikitembea:
sandarusi, frasila nane.
Nta. Ufuta.
Pembe, jozi mbili.
Vichwa —
kidole kikasimama.
Kama alivyosimama kwa sisimizi.

Mimi sikusema kitu.
Bibi mzaa bibi yangu aliletwa hapa kwa miguu kutoka ng'ambo ya Ruvuma,
meno ya mbele yameng'oka, mengine hayajaota.
Jina la kwao hatulijui.
La hapa walimpa: Siwatu.

Bi Kanchan akainama, akafungua kamba za viatu.
Mguu wa daktari ukamsumbua,
nikapiga magoti nikamsaidia.
"Kuna vigae," nikasema.
"Najua. Ulishaniambia."

Akasimama pekupeku kwenye saruji, muda mrefu.
Muuza vinyago akatuuliza kama tunanunua.

Nyumbani nilikuwa nimechemsha ming'oko tangu asubuhi,
ya Nanguruwe, minono, chumvi na pilipili pembeni.
Mgeni wa Mtwara asiyeonja ming'oko amekuja kufanya nini?
Akaitazama, akakutanisha viganja.
Yeye hali kilichochimbwa. Ukichimba mzizi, alisema,
unavunja nyumba za walioko chini,
nao hawana pa kupeleka mashtaka.
Akala korosho na embe bichi, haraka haraka,
jua limebaki kidole kimoja juu ya minazi.

Nilitaka kumuuliza:
ile taa iliyofunikwa kitambaa
ndiyo iliyomulika ukurasa huu?
Lakini mgeni ni mgeni, na jua lilikuwa linamwishia.

Ameondoka na basi la alfajiri.
Ming'oko nimeila peke yangu, ya baridi, kutupa sikuweza.
Kwenye ganda la mwisho palikuwa na sisimizi mmoja
anahangaika na punje ya chumvi.
Nikaacha kutafuna. Nikamngoja.
Hakuwa na haraka.