Mizani ya Lango la Nyuma

Alhamisi jioni, Oruro, upepo kama msasa.
Tumekaa kumi na saba kwenye viti vya plastiki,
ukumbi wa parokia, makoti hatujavua,
na mwalimu, Eufrasia Condori, anasema:
Simama. Taja jina lako. Usiombe radhi.

Nikasimama, mimi karani wa mizani
wa ushirika wa wachimbaji,
nikasema, "Samahani, naitwa Casilda."
Wakacheka. Nikacheka nao. Nikarudia.
Mara ya nne jina likatoka peke yake,
bila koti.

Niseme kweli: nilifuata mkate.
Walitupa mkate wa moto na chai ya mdalasini,
na nyumbani kulikuwa na viazi vilivyokaushwa kwa baridi
na kaka yangu anayejua kila kitu.
Mambo ya uongozi niliyaona ya wenye viatu vya ngozi.
Wiki ya pili nilisinzia.
Wiki ya tatu tukafundishwa kusoma mizania,
na nilipoona safu mbili za tarakimu zikikataa kulingana
usingizi uliniruka,
maana safu hizo nazijua, ni ndugu za zangu.

Wiki ya sita: andika jambo moja
unalolijua na hujawahi kulisema.
Karatasi yangu ilibaki nyeupe kama jangwa la chumvi la Uyuni.
Jirani yangu Nicanora, mponda mawe,
ambaye mgodi ulimrudishia kofia ya mumewe tu,
hajui kuandika. Akanisogezea yake.
"Niandikie," akasema. "Andika:
mizani ya lango la nyuma inaiba."

Lango la nyuma ndilo la wanawake.
Miaka kumi na miwili nimesimama pale,
kalamu sikioni, nikiandika alichosema mshale.
Kilo mbili kila gunia. Nilijua.
Mkono wangu ukaandika maneno yake, herufi moja moja,
na hati yangu nzuri ikanitia aibu.

Hakuna aliyetuonya kwamba kukua
huuma mahali pasipoonekana,
kama gego la mwisho.

Mkutano wa Agosti nikaomba nafasi.
Don Hilarión, mwenyekiti, akaangalia saa.
Sikuhutubia. Nilimwomba kijana mmoja
aniwekee juu ya mizani mfuko wa saruji
uliofungwa kiwandani, kilo hamsini, imeandikwa ubavuni.
Mshale ukapanda, ukatetemeka,
ukatulia kwenye arobaini na nane.
Wanaume mia moja na ishirini, kimya.
Hapo ndipo nikataja jina langu,
na kwamba mwandishi wa daftari lile ni mimi.

Mizani ikabadilishwa. Nami nikabadilishwa:
ghala la nyaya, zamu ya usiku, mshahara pungufu.
Januari nikagombea kamati, nikashindwa kwa kura tisa.
Kaka akasema, si nilikwambia.
Nikamjibu, zamani ningeshindwa kwa zote,
maana nisingegombea.
Akanyamaza. Huo nao ni mshahara.

Cheti changu kinazuia upepo
penye kioo cha dirisha kilichopasuka.

Kwa Nicanora nilikwenda Jumapili.
Nilikuwa nimepanga maneno kama tulivyofunzwa:
kwanza kosa, kisha fidia, visingizio hapana.
Alinisikiliza akiponda;
nyundo haikupumzika hadi nilipomaliza.
Kisha akahesabu ile miaka vidoleni, vidole vikamwishia,
akaazima viwili vyangu.
Hakusema amenisamehe.
Alisema, "Alhamisi hii mkate lete wewe."

Naleta. Huu ni mwaka wa tatu.
Mikate kumi na saba, sasa ishirini na sita,
na mwokaji akinifungia huniuliza, nipime?
Pima, namwambia.
Mbele yangu.