Kilo Thelathini na Saba

Tani moja ya mawe ilipanda tanuri la Kiomoni.
Siku ya nne tulishusha chokaa:
kilo mia tano ishirini na tatu.
Bwana Mnkande akapima, akapima tena,
akaipiga teke mizani,
akafungua daftari la mishahara.

"Mia nne sabini na saba zimeota miguu.
Nyinyi ni tisa. Kila mmoja kala hamsini na tatu."

Kugawanya alijua.
Shebughe akaapa kwa kaburi la mamaye.
Mhina akapindua mifuko ya kaptula: vumbi.
Baba yangu, karani wa mizani,
alikuwa akiitazama kalamu yake.

Wiki ileile, kidato cha tatu,
Mwalimu Semkiwa aliandika ubaoni:
kalsiamu arobaini,
kaboni kumi na mbili,
oksijeni kumi na sita, mara tatu.
Jumla, mia.
"Ukilichoma jiwe, hamsini na sita inabaki.
Arobaini na nne haifi. Inahama."
Akapuliza kiganja chake kitupu: fuu.
"Asiyehesabu kilichopaa
atamshika jirani yake mwizi."

Sikungoja kengele.
Baiskeli ya kuazima, mnyororo unachomoka kila kilima,
hadi Kiomoni, nikiwa na sare ya shule na jasho,
nikaandika kwa mkaa juu ya mfuko wa saruji:
mawe elfu,
chokaa mia tano sitini,
hewa mia nne arobaini.

"Hewa," akasema Bwana Mnkande. "Hewa ina kilo?"
"Mtungi wa gesi wa nyumbani kwako," nikamjibu,
"ukiisha, si hubebwa na mtoto?"

Akanyamaza. Wale tisa wakanyamaza.
Tanuri pekee likaendelea kupumua.
Akachukua kalamu, akafuta mia nne arobaini
kwa mstari mmoja mrefu,
Mhina akaketi chini palepale kama aliyekatwa kamba.

"Na hizi thelathini na saba?"

Hapo ndipo nilipoisoma hesabu yangu mwenyewe.
Mchanga? Mchanga hauungui, ungebaki na uzito wake.
Jiwe lisiloiva? Lingezidisha, lisingepunguza.
Maji? Mawe yale yalianikwa juani wiki tatu,
mimi mwenyewe nilipeleka chakula, nikayakalia.
Nikainua macho. Baba hakuinua yake.

"Mvua, bwana," nikasema.
"Mawe yalikuwa yamenyonya maji."

Nyumbani Mabawa ukuta wa mbele ulikuwa mweupe tangu Jumapili,
mweupe wa kuumiza macho, wa posa ya dada.
Pipa lilikuwa bado uani, vuguvugu kwa chini:
thelathini na saba za chokaa hunywa kumi na mbili za maji
na kuchemka bila kuni.
Usiku ule Baba hakuniuliza kitu.
Alikata kichwa cha changu
akakisogeza upande wangu wa sinia.

Sasa chaki ninaishika mimi.
Kila mwaka nawapa swali hilo, bila majina.
Wengi huishia kwenye gesi, wakapiga mstari, wakafunga daftari.
Mwaka huu msichana mmoja wa nyuma, Mwanaidi,
aliinua mkono nusu:
"Mwalimu, mawe yalikuwa makavu?"
Nikaangusha kifutio.

Baba tumemzika. Ukuta upo.
Chokaa ikipakwa hairidhiki na kukauka;
mwaka hadi mwaka huirudisha ile hewa iliyopaa,
chembe kwa chembe, kutoka barabarani, kutoka jikoni,
kutoka vifuani mwetu tukipita.
Nimeipigia hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani:
ikimaliza itakuwa imevuta ishirini na tisa,
na pale ukutani patakuwa na kilo sitini na sita za mawe,
mawe yaleyale ya Kiomoni.

Juzi nilipitisha kidole.
Zamani kilitoka cheupe.