Kilo Saba

Shairi hili halina mizani.
Mizani ninayo mimi, kaunta namba mbili, Songwe,
imefungwa kwa boliti sakafuni
na tarakimu zake nyekundu hazijui undugu.

Saa kumi na mbili kasoro. Baridi ya Juni inapenya soksi.
Bi Ndimbumi wa Tukuyu analaza begi juu ya sahani:
kilo kumi na moja na nusu.
Mchele wa Kyela, unga wa ulezi,
maparachichi sita yaliyoviringishwa kwenye gazeti,
moja moja, kama mayai.
"Tiketi nilikata elfu tisini, mwanangu,
nikaifurahia mwezi mzima."
Ndiyo, mama. Hiyo ni bei ya kiti.
Begi lina bei yake, dirisha lina bei yake,
maji ya kunywa huko juu yana bei yake.
Hewa tu hatujaanza kuipima.

Anafungua zipu mbele ya foleni nzima.
Anavaa sweta juu ya sweta, khanga juu ya khanga,
unga anauficha kwapani kama mtoto mchanga.
Maparachichi mawili anampa askari wa mlangoni,
mawili mfuko wa koti,
mawili ananisukumia mimi: "Kula. Unaonekana una njaa."
Naandika: saba.
Ndege itabeba uzito uleule.

Meneja Kalinga alitufundisha kwa kalamu ya bluu ubaoni:
ndege ikikaa chini inakula, ikiwa juu inalipa.
Kwa hiyo dakika ishirini na tano, si zaidi:
hawa washuke, hawa wapande,
Sekela na ufagio wake akikimbia katikati ya viti
kama anayefukuza kuku.
Ndege tatu, za aina moja, mapacha;
rubani wa huyu ni rubani wa yule,
bisibisi ya huyu inamjua yule.
Nilipenda hesabu ile. Bado naipenda.

Tangu Machi pacha mmoja amelala hangani
akisubiri kipuri kinachodaiwa kwa dola,
na sisi tunauza viti kwa shilingi.
Wawili waliobaki wanakimbia safari za watatu.

Wanasema rahisi ghali.
Waliosema hawakulala Kitonga
nyuma ya lori lililopinduka na shehena ya saruji.
Mimi nimemwona Lusekelo, mwashi wa Mbalizi,
akipanda na buti zake za kazini, chokaa bado kwenye kisigino,
simu ya msiba imeingia usiku;
saa nane mchana alikuwa Dar, kaburini kwa kaka yake,
na koleo halijaanza kazi.
Kwa basi angekuta matanga.
Lakini nisifiche: kiti chake, kilichokatwa alfajiri ileile,
kilikuwa mara tatu ya kile cha Bi Ndimbumi.
Mfumo haumuulizi mtu analia nini.
Unamuuliza lini.

Halafu kuna ukungu.
Unashuka toka mlimani bila tiketi, unakaa juu ya njia.
Tunaisikia ndege inazunguka, inazunguka,
injini inafifia kuelekea ilikotoka.
Na kwa kuwa ni hiyohiyo iliyotakiwa Mwanza adhuhuri,
mtu wa Mwanza, chini ya jua kali,
anamgombeza mhudumu kwa sababu ya ukungu wa Mbeya
ambao hajawahi kuuona.
Hapa wanakigombeza kibao changu cha jina.
Nauli haikuwa na chai, kwa hiyo hatuna chai ya kuwatuliza.

Jioni ukumbi ukabaki na mimi na mwangwi wa Sekela akideki.
Mshahara bado haujaingia; wamesema Ijumaa.
Nikapanda mwenyewe juu ya sahani, viatu na vyote,
maparachichi ya Bi Ndimbumi mkononi:
hamsini na tisa nukta mbili.
Nikaketi, nikayala yote mawili, bila chumvi.
Nikapanda tena.
Palepale,
kasoro maganda na kokwa.