Bofya Hapa

Mara ya kwanza nilirekodi kwa simu,
nimeilaza juu ya kopo la majani ya chai,
nikisema, "Leo tunajifunza kujumlisha safu,"
na nyuma yangu fundi Mihambo anachomelea geti la mtu,
na jogoo wa mama Kalunde, asiyejua saa,
anawika saa tano asubuhi kana kwamba kumekucha upya.

Masomo ni ya watunza hesabu wa ushirika wa asali,
walio Sikonge, Ipole, na huko ndani zaidi.
Wanaiona skrini yangu, wanauona mshale ukitembea,
mimi hawanioni. Kwao mimi ni sauti tu.
Na sauti yenyewe ikijaa cheche,
nani atajua ndoo ngapi, kilo ngapi, deni la nani?

Nikashuka kutoka Isevya hadi kwa Shigela, karibu na soko,
dukani kumejaa chaja, betri,
rimoti za televisheni zilizokwisha kufa.
Mkobani nina elfu arobaini, na tano kati ya hizo ni za unga.
Akashusha ya kwanza: ndefu, inang'aa, ina mguu wake na chujio.
"Hii laki moja na themanini. Inasikia hata sisimizi."
Nikamwambia, ndugu yangu,
sisimizi nimewasikia vya kutosha.

Tukaijaribu hata hivyo. Kutazama si kununua.
Nikavaa visikilizio, nikasema, "Bofya hapa."
Nikasikia feni yake, nikasikia sarafu kwenye droo,
nikasikia mama mmoja nje akigombea bei ya dagaa,
nikasikia tumbo langu.
Maiki yenye masikio makubwa inataka chumba chenye adabu,
na changu ni bati, saruji,
na dirisha lisilofunga tangu masika ya juzi.

Ya pili, ya kubana kwenye kola, elfu kumi na mbili.
Nikasikika kama mtu aliyetumbukia pipani.
Nikigeuza shingo, kitenge kinasema kuliko mimi.

Ya tatu ilikuwa nyuma kabisa, chini ya vumbi,
nyeusi, nzito, ungedhani mchi wa kutwangia iliki.
Shigela mwenyewe aliionea haya:
"Hiyo ni kiziwi kidogo. Mpaka uisogelee."

Nikaisogelea. Vidole vitatu kutoka mdomoni.
"Bofya hapa."
Feni haikuwepo. Mama wa dagaa hakuwepo.
Nilikuwepo mimi, na kifua changu,
na ile herufi b iliyopasuka kama bisi kwenye kikaango.

Elfu thelathini na nane. Tukavutana hadi thelathini na tano.
Akaniongezea waya, uliotumika kidogo, alisema.

Nyumbani nikaivika soksi ya shule ya Sizya,
ile iliyobaki moja.
B ikatulia, p ikanywea.
Nikatundika blanketi dirishani, nikaegemeza godoro ukutani,
nikamngoja Mihambo aende kula.
Somo la saba nililimaliza kwa pumzi moja,
ila pale nilipokohoa, nikarudia,
na pale treni ya Kigoma ilipopiga honi.
Hiyo niliiacha. Treni haikatwi.

Siku ya tatu akapiga Kapela wa Ipole.
Safu zake sasa zinajumlika, alisema, asante,
sauti iko karibu, kana kwamba mwalimu
amekaa kwenye kigoda cha jikoni kwake.
Kisha akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.
"Lakini mwalimu, yule jogoo mlimchinja?
Maana wangu alizoea kumjibu.
Sasa nikifungua somo anakuja mlangoni,
ananyoosha shingo, anangoja."

Nikachungulia pembeni ya blanketi.
Jogoo wa mama Kalunde alikuwa juu ya geti la Mihambo,
lile ambalo mwenyewe hajalipia,
amefumba macho, amefumbua mdomo wote.
Na maiki mezani, na soksi yake,
haina habari.