Natosha

Saa kumi na moja, Kisauni. Maji yamekatika tena.
Nakoga kwa makopo mawili na nusu,
ile nusu naibakiza ya meno.
Kwenye kipande cha kioo
nimebandika karatasi ya pakiti ya unga,
nyuma yake, kwa kalamu ya wanja:
*Natosha.*

Mswaki mdomoni, nalisema. Latoka povu.
Natema, nalisema tena.
Siku ya kwanza nilijicheka: mtu mzima,
karani wa mizani pale Kilindini,
ajipima kwa neno moja!
Malori nayapima kwa tani, hayabishi.
Mimi nabisha.

Jana sikulisema.
Homa, na barua ya kodi chini ya mlango.
Nililala nikihesabu misumari ya mabati.
Ukuta wetu ni mwembamba; upande wa pili
Mwanakombo hukaanga mahamri, na hanisemeshi
tangu yale mambo ya kamba ya nguo.
Nilisikia mafuta yakilia. Kisha kimya.
Kisha ngumi mbili ukutani:
"We! Leo hutoshi?"

Nikajibu, koo limekwaruza.

"Hebu tena," akasema. "Sijasikia."